GB mbili za nini? Namna ya kusoma kadi ya grafiki ya kompyuta mpakato ya mtumba

Makambako ni njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya hadi mpaka wa Zambia inapita mjini, ile ya Njombe na Songea inachepuka hapo hapo, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ina stesheni yake. Viazi, mahindi na mbao vinashuka kuelekea pwani. Nguo, vipuri, simu na kompyuta vinapanda kutoka Kariakoo. Kompyuta nyingi kati ya hizo ni mpakato za mtumba: HP EliteBook, Dell Latitude, Lenovo ThinkPad. Ni mashine imara zilizotumika maofisini ughaibuni, zikauzwa kwa jumla, zikasafishwa, kisha zikapangwa kwenye meza za duka Makambako au Njombe mjini, mwendo wa kilomita 60 hivi kwenda kusini.

Juu ya kila mashine hubandikwa karatasi ya sifa. Core i5, RAM GB 8, SSD GB 256, grafiki GB 2. Mistari mitatu ya kwanza wanunuzi wengi wanaielewa, maana wameshaizoea kwenye simu zao. Ule wa nne ndio unaopandisha bei, na ndio unaoeleweka kidogo kuliko yote. Muuzaji mwenyewe mara nyingi ameukuta kwenye karatasi ya jumla akaunakili tu.

Mstari huo una uzito mkubwa kwa sababu moja: kadi ya grafiki ya kompyuta mpakato, katika mashine nyingi mno, imeunganishwa moja kwa moja kwenye ubao mama kwa risasi. RAM unaweza kuongeza mwakani. Diski unaweza kubadilisha ukivuna. Kadi ya grafiki uliyonunua ndiyo utakayoishi nayo mpaka mashine ife. Mtu anayetoa fedha ya msimu mzima wa viazi ili aanze kuhariri video za harusi ana haki ya kujua anachonunua, na maarifa hayo hayahitaji shahada.

Za aina mbili

Kazi ya kadi ya grafiki ni kukokotoa kila nukta inayoonekana kwenye kioo. Kompyuta mpakato huwa na moja kati ya aina mbili, au zote mbili kwa pamoja.

Aina ya kwanza imo ndani ya prosesa yenyewe. Intel HD Graphics 3000 ilikuja na prosesa za kizazi cha 2 mwaka 2011, HD 4000 ikaja na kizazi cha 3 mwaka 2012, HD 5500 na kizazi cha 5, HD 520 na kizazi cha 6 mwaka 2015. Hizi hazina kumbukumbu yake yenyewe. Zinakula kwenye RAM ya mashine. Aina ya pili ni chipu inayojitegemea, ya NVIDIA au AMD, yenye kumbukumbu yake pembeni.

Hapo ndipo tatizo la kwanza la ile karatasi linapoanzia. Windows huruhusu grafiki ya Intel kuazima hadi karibu nusu ya RAM. Mashine yenye RAM GB 8 na Intel HD 520 itaonyesha kwamba grafiki inaweza kufikia takribani GB 4. Mtu akinakili namba hiyo, mashine isiyo na kadi ya kujitegemea hata kidogo inageuka kuwa na grafiki GB 4, na inauzwa ghali kuliko jirani yake yenye NVIDIA ya GB 1. Kwa hiyo swali la kwanza dukani liwe hili: kadi hii ina kumbukumbu yake, au inaazima?

Ghala na mlango wake

Tuseme imethibitika kwamba ni ya kujitegemea na ina GB 2 kweli. Namba hiyo bado haijasema inakwenda kasi gani. GB za kadi ni kama ukubwa wa ghala la viazi: ghala lenye mlango wa kupitisha gunia moja moja litachelewesha lori kutwa nzima, hata likiwa kubwa namna gani. Kwenye kadi, mlango huo ni upana wa njia ya data, unaohesabiwa kwa biti, pamoja na aina ya kumbukumbu: DDR3, ambayo ni ya kawaida, au GDDR5, ambayo ni ya haraka zaidi.

Hesabu yake ni ya darasa la tano. Chukua upana wa njia, gawanya kwa 8 ili upate baiti, kisha zidisha kwa kasi ya kumbukumbu. Tuijaribu kwa kadi tatu zinazopatikana kwenye soko la mtumba.

GeForce GT 540M ya mwaka 2011 ina viini 96 vya kukokotoa, njia ya biti 128 na kumbukumbu ya DDR3 yenye kasi ya 1,800 MHz. Mia moja ishirini na nane ukigawanya kwa nane ni 16, mara 1.8 (maana 1,800 MHz ni GHz 1.8) ni GB 28.8 kila sekunde.

GeForce 820M ya mwaka 2014 nayo ina viini 96, na mara nyingi huja na GB 2 za DDR3 ya kasi hiyo hiyo, lakini njia yake ni biti 64 tu. Matokeo ni GB 14.4 kila sekunde. Jina lake ni jipya kwa miaka mitatu na GB zake mara nyingi ni nyingi zaidi, ilhali mlango ni nusu.

GeForce 940MX ya mwaka 2016 iliuzwa kwa sura mbili chini ya jina moja. Yenye DDR3 hupata GB 14.4 hadi 16 kila sekunde; yenye GDDR5, kwa njia ile ile ya biti 64, hufika takribani GB 40. Kwenye karatasi ya dukani zote mbili zitaandikwa NVIDIA 940MX GB 2. Kwa anayecheza gemu au anayepaka rangi video, hizo ni mashine mbili tofauti.

Hesabu hii inamfaa hata mwenye grafiki ya Intel. Kwa kuwa inatumia RAM ya mashine, njia yake ni njia ya RAM. Kipande kimoja cha DDR3 ya 1,600 MHz hutoa GB 12.8 kila sekunde. Vipande viwili vinavyofanya kazi sambamba hutoa 25.6. Mwenye EliteBook yenye kipande kimoja cha GB 8 akichomeka kingine cha namna hiyo anaongeza nguvu ya grafiki bila kugusa grafiki yenyewe. Hakuna matengenezo mengine ya bei ndogo yenye faida kubwa kiasi hicho kwa mashine ya aina hii.

Jina jipya, ukoo wa zamani

Mfano wa 820M unafundisha jambo jingine. Chipu za NVIDIA huzaliwa kwa koo: Fermi ilianza mwaka 2010, Kepler 2012, Maxwell 2014, Pascal 2016. Ndugu zake wa mfululizo wa 800, kama 840M, ni Maxwell wenye viini 384. Yenyewe 820M ilibaki kuwa Fermi, chipu ya fikra za mwaka 2010 iliyovalishwa namba ya mwaka 2014. Tarakimu ya kwanza hutaja mfululizo wa biashara, zinazofuata hutaja daraja ndani ya mfululizo huo, na ukoo hautajwi popote.

Ukoo ndio unaoamua umri wa kadi katika matumizi. NVIDIA iliacha kutoa draiva mpya za Fermi mwaka 2018, na za Kepler za kompyuta mpakato mwaka 2019. CUDA, mfumo unaoziwezesha programu za video na za kisayansi kutumia nguvu ya kadi za NVIDIA, uliiacha Fermi tangu toleo la 9 la mwaka 2017. Upande wa AMD, kadi za kabla ya ukoo wa GCN, yaani mifululizo kama HD 6000, zilistaafishwa kati ya mwaka 2015 na 2016.

Hali ni hiyo hiyo kwa viwango vya lugha ambayo programu hutumia kuzungumza na kadi, yaani DirectX na OpenGL. Intel HD 3000 inafika OpenGL 3.1, HD 4000 inafika 4.0. Blender, programu ya bure ya kuchora na kuhuisha vitu vya pande tatu, ilidai OpenGL 3.3 kuanzia toleo la 2.80 mwaka 2019, na 4.3 kuanzia toleo la 4.0 mwaka 2023. Kijana wa Makambako mwenye HD 4000 anayejitahidi kufungua Blender mpya hana kosa lolote, na RAM ya ziada haitamsaidia. Anachohitaji ni toleo la kabla ya 4.0, ambalo bado linapatikana bure na linatosha kabisa kujifunzia.

Video za harusi na kwaya

Njombe ni makao makuu ya Dayosisi ya Kusini ya KKKT na ya Jimbo Katoliki la Njombe, kwa hiyo kwaya hazikosekani, na kila kwaya inataka video. Ukiongeza harusi, send-off, ubatizo na kipaimara, uhariri wa video umekuwa ajira ya kweli kwa vijana wa mkoa huu. Hawa ndio wanaovutwa zaidi na neno NVIDIA kwenye karatasi, na ndio wanaopaswa kulisoma kwa makini kuliko wote.

Kuhariri video kuna hatua mbili nzito ambazo chipu ya kisasa huzifanya kwa kifaa maalumu kilichojengwa ndani yake: kufumbua video iliyotoka kwenye kamera, na kuifunga upya mwishoni. Kufunga kwa mfumo wa H.264, Intel wana kifaa kiitwacho Quick Sync tangu kizazi cha 2 cha mwaka 2011. NVIDIA wana chao, NVENC, tangu Kepler. Lakini si kila kadi ya baada ya hapo inacho. Fermi zote hazina. Chipu ya GM108, iliyomo kwenye 940MX nyingi, haina. Na GP108 iliyomo kwenye MX150 ya mwaka 2017 haina pia. Mhariri anaweza kulipia nyongeza ya NVIDIA, kisha video yake ikaendelea kufungwa na Intel aliyoidharau, au na prosesa peke yake kwa saa nyingi.

Upande wa kufumbua, adui wa sasa ni H.265, ambayo pia huitwa HEVC. Simu za iPhone hurekodi kwa mfumo huo tangu iOS 11 ya mwaka 2017, na simu nyingi nyingine zina chaguo hilo. Grafiki ya Intel ya kizazi cha 6 ndiyo ya kwanza kufumbua HEVC ya kawaida kikamilifu; ile ya biti 10, inayotoka kwenye simu za hivi karibuni zenye rangi pana, inahitaji kizazi cha 7. Mashine ya kizazi cha 4 yenye kadi ya Fermi ya GB 2 itakwama kwenye video ya bibi harusi iliyorekodiwa kwa simu, huku mashine ya kizazi cha 7 isiyo na kadi yoyote ya ziada ikiicheza bila shida.

Haya hayamaanishi kwamba kadi ya kujitegemea haina kazi. Kupaka rangi, kuweka madoido na kupunguza chenga za picha vyote hutumia viini na kumbukumbu ya kadi, na DaVinci Resolve, programu inayopendwa kwa rangi, inaitegemea sana kadi ya grafiki. Ila aanze na kizazi cha prosesa, kisha aje kwenye kadi. Kizazi husomwa kwa urahisi: kwenye i5-3320M, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 3, yaani kizazi cha 3, kwenye i5-6300U ni cha 6.

Mbele ya kaunta

Haya yote yanaweza kuthibitishwa dukani kabla fedha haijatoka mfukoni. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika dxdiag, kisha fungua ukurasa wa kioo (Display). Utaona jina la kadi, na mistari inayotenganisha VRAM, ambayo ni kumbukumbu ya kadi yenyewe, na ile ya kuazima. Intel mara nyingi huonyesha VRAM ya MB 128 tu, na hapo ile GB 4 ya karatasi inajieleza. Kumbuka kwamba mashine yenye kadi mbili itaonyesha kurasa mbili au kuificha ile ya pili. Kwenye Windows 10, dirisha la Device Manager huziorodhesha zote.

Kwa undani zaidi, beba kwenye flashi programu ndogo ya bure iitwayo GPU-Z, ambayo hufunguka bila kusakinishwa. Itakupa jina la chipu, linalosaidia kutambua ukoo wake, aina ya kumbukumbu, upana wa njia na hata GB kwa sekunde bila wewe kuhesabu. Muuzaji mwaminifu hatakuwa na sababu ya kukuzuia.

Kisha iache ifanye kazi. Cheza video nzito au gemu kwa dakika ishirini huku ukitazama joto kwenye GPU-Z. Nyuzi 70 hadi 85 chini ya mzigo ni jambo la kawaida kwa mashine hizi. Ikipanda kuelekea 95, au picha ikaanza kutoa mistari na vibonge vya rangi, iache mezani.

Joto, vumbi na baridi ya Njombe

Ugonjwa wa chipu za grafiki una historia inayojulikana. Julai 2008 NVIDIA ilitangaza kutenga dola za Marekani milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu za kompyuta mpakato zilizokuwa na udhaifu katika vifaa vilivyozishika kwenye kibebeo chake. GeForce 8600M GT ya mwaka 2007 ilikuwa mojawapo, na Apple ilitengeneza bure MacBook Pro zilizoathirika. Chanzo chake kilikuwa kupata moto na kupoa, kupata moto na kupoa, mpaka viungo vidogo vikapasuka. Fundi anayeichoma chipu ya namna hiyo kwa hewa moto anaweza kuiamsha, lakini kwa kawaida hairudi kuwa nzima. Hurejea ugonjwani baada ya wiki au miezi. Mashine iliyofufuliwa hivyo haipaswi kuuzwa bila mnunuzi kuambiwa.

Mazingira ya hapa yana mazuri na mabaya yake. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo feni hubeba joto kidogo zaidi kwa shida, lakini ubaridi wake unafidia, na watengenezaji wakubwa huruhusu mashine zao kutumika hadi takribani mita 3,000. Hatari halisi ni mbili. Ya kwanza ni vumbi la kiangazi, linaloziba mapezi ya shaba mbele ya feni. Ya pili ni umande: Juni na Julai, mashine iliyolala kwenye ubaridi ikiingizwa chumba chenye jiko la mkaa, unyevu hufanya matone juu ya ubao wake. Iache izoee joto la chumba kabla ya kuiwasha, na kila mwaka mpelekee fundi aisafishe feni na kubadilisha grisi ya joto iliyokauka kati ya chipu na bomba la shaba. Huduma hiyo ni nafuu, na kwa kadi ya miaka kumi ndiyo inayoamua kama itafika mwaka wa kumi na mbili.

Kadi ifuate kazi

Mwenye steshenari anayechapa barua na kutoa nakala anatosheka kabisa na Intel HD ya kizazi chochote kati ya hivi. Anayechora ramani za mashamba ya miti kwa QGIS aweke fedha kwenye prosesa, RAM na SSD, kwa sababu ramani bapa hazielemei kadi. Mhariri wa video atafute kizazi cha 7 kwenda juu, kisha kadi ikiwepo iwe na GDDR5. Mwenye kibanda cha gemu ndiye hasa anayepaswa kuulizia upana wa njia na idadi ya viini. Na wote wakumbuke kwamba Windows 10 ilikoma kupata masasisho ya kawaida ya bure tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai rasmi DirectX 12 na, kwa Intel, prosesa za kizazi cha 8 kwenda juu isipokuwa chache. Mashine ya zamani zaidi inaweza kuendelea kufanya kazi nzuri kwa Linux, ila mnunuzi aambiwe hilo mapema ili bei ilingane nalo.

Wauzaji wa Makambako na Njombe wanaweza kumaliza sehemu kubwa ya utata huu kesho asubuhi. Badala ya kuandika grafiki GB 2, waandike: GeForce 940MX, Maxwell, GB 2 GDDR5, biti 64. Pasipo na kadi ya kujitegemea waandike Intel HD 520, ya kuazima RAM. Ni maneno machache kwenye karatasi ile ile, na yatampa mkulima, mwalimu na kijana wa kwaya nafasi ya kulinganisha kitu na kitu. Mpaka hapo wauzaji watakapoanza, mnunuzi aende dukani na flashi yenye GPU-Z na maswali yake manne: ina kumbukumbu yake au inaazima, njia yake ni biti ngapi na ya aina gani, ni ya ukoo gani, na inapata joto kiasi gani ikifanya kazi. Asiyejibiwa hata moja ahamie duka la pili. Mji wa njia panda haukosi duka la pili.